Chai ya Rangi

Kwa miaka miwili Sikudhani alikuwa akiyapasha moto maabarani matone ya mchanganyiko wake, na kila mara yaliganda yakawa tope. Leo, kwa mara ya kwanza, alifanya kama mumewe Lubuva alivyokuwa akimsihi: aliacha kichupa wazi dirishani, bila moto, ili dawa ya kuyeyushia iliyomo ndani ya matone ipae hewani yenyewe polepole.

Asubuhi kichupa kilionekana kama kimejaa chai ya maziwa. Yalikuwa maji yenye matone madogo, na ndani ya kila tone chembe za chuma zisizoonekana kwa jicho. Kufikia adhuhuri matone yalikuwa yamesinyaa, yakaanza kupasuka na kuwa vifuko vidogo mno, kila kimoja kimezikumbatia chembe zake. Ule ukungu ukatoweka. Kimiminika kikawa kinapitisha mwanga kama chai ya rangi.

"Dada Siku, imeharibika?" aliuliza Mwanaidi, fundi wa maabara.

"Hapana. Imekubali." Alikiinua kichupa kwenye mwanga. "Lubuva aliniambia hivi hivi, nikamwita mvivu mbele za watu. Wiki ile ile akafunga mizigo yake, hakuniambia anakwenda wapi."

"Basi mwambie."

Sikudhani alimimina nusu kwenye kichupa kingine, akakizungushia pamba, akakilaza ndani ya kiboksi. Juu yake aliandika jina la Lubuva kwa herufi kubwa, taratibu. Kisha akashuka mstari wa pili, pale panapoandikwa mji, na kalamu ikabaki hewani.