Joto la Mama Mkwe

Fundi makochi alikuwa amepiga magoti, misumari mdomoni, anapigilia godoro kwenye mlango wa chumba cha kulala.

Si godoro zima, tuseme ukweli. Ni sponji nene iliyobaki kwenye kazi ya mteja, akaivika kitambaa cha bluu na vifungo ili ionekane pambo. Kuta zilishapata zao. Sakafuni zulia lilikuwa limelalia zulia, na jingine limepanda ukutani kama limepotea njia. Dirisha lilivaa mapazia mazito kuliko koti la mlinzi.

"Kipupwe kinakuja, sawa," alisema mkewe kutoka kwenye korido, "lakini hiki ni chumba au tanuri la mikate?"

Fundi akatoa misumari mdomoni. "Mama hapendi baridi."

"Mama yangu?"

"Mama yetu."

Mke akamtazama, machozi yakaanza kumlengalenga. Tangu waoane hajawahi kumsikia akisema "mama yetu" bila kushikiwa fimbo. Akaenda jikoni moja kwa moja kumkaangia mayai.

Fundi akaendelea kugonga. Maana baridi ya mama mkwe, kusema kweli, haikumhusu ndewe wala sikio.

Kisa chenyewe kilikuwa hiki. Kila kipupwe mama mkwe huja kukaa nao mpaka jua lirudi. Wao humwachia chumba chao cha ndani, chenye kitanda cha maana, kisha wanahamia cha mbele, kilicho moja kwa moja juu ya chumba cha mama mwenye nyumba. Na mwaka jana mama mwenye nyumba, mtu asiye na mzaha hata siku ya sherehe, alipanda ngazi na shuka lake begani, akamvuta fundi pembeni.

"Fundi, humu ndani kuna mtu anakoroma. Tena si kukoroma kwa binadamu. Ni lori la kokoto linapanda mlima. Lilianza siku mgeni wako alipofika, na naapa litaisha siku atakayoondoka."

Na kweli, mgeni alipoondoka, lori nalo likazima. Mama mwenye nyumba akamwambia fundi kwa upole wa kutisha: likirudi tena, atafute pengine pa kuishi. Sasa karakana ya fundi iko uani kwenye nyumba hiyo hiyo, na wateja wake wameizoea kama njia ya chooni. Kuhama ni kuanza maisha upya na nyundo mkononi.

Tishio hilo hakumwambia mkewe, asije akaonekana anamsingizia mzazi wa mtu. Alizunguka tu kwa mbali.

"Hivi mama, usingizi wake ukoje?"

"Ukoje vipi?"

"Yaani... una sauti?"

Mke akashikwa na kikohozi. Akakunja taulo ambalo lilikuwa limeshakunjwa. "Wanaokoroma huwa hawajijui, mume wangu," alisema taratibu. "Na ukiwaambia, wanakuja juu. Mimi naona bora kunyamaza."

"Ndiyo maana nimenyamaza," alisema fundi, akijiona mtu mwenye busara zake.

Lakini kama kuna kitu anachokijua duniani, ni sponji. Sponji inameza sauti. Piga kochi ngumi, uone kama litakujibu. Basi akaamua kumfunga mama mkwe ndani ya kochi kubwa la kulala, na mtu akiuliza, ni upendo na joto. Alipomaliza, akawasha redio humo ndani mpaka mwisho, akafunga mlango na kutega sikio. Kimya. Akatabasamu peke yake koridoni kama mwehu.

Mama mkwe alifika siku iliyofuata, amejifunika mitandio, pua imeshageuka rangi kwa baridi. Alipoingia chumbani akasimama. Akagusa ukuta. Akakanyaga zulia, akavua viatu, akalikanyaga tena. Kitandani akakuta mablanketi manene na chupa ya maji ya moto iliyovishwa soksi.

"Mkwe wangu," alisema, "hata marehemu mume wangu hakuwahi kunifanyia hivi."

"Pumzika, mama. Ukiufunga mlango, ufunge vizuri."

"Ili joto lisitoke."

"Hasa, mama. Joto lisitoke."

Fundi naye, mgongo ukimuwaka kwa kazi ya wiki nzima, alijitupa chali kwenye kitanda cha chumba cha mbele na kulala usingizi wa mtu aliyeiokoa familia yake.

Asubuhi, chai haijachemka, mlango ukagongwa. Mama mwenye nyumba alisimama pale na shuka lake begani, macho mekundu kama pilipili.

"Mwaka jana lilikuwa lori moja," alisema. "Usiku huu yalikuwa mawili, yanashindana."

"Haiwezekani," fundi alinong'ona. "Mama, nimepigilia sponji chumba kizima. Hata redio haitoki mle."

"Basi mwamshe huyo mgeni nimwambie mwenyewe."

Fundi akamtazama mkewe apate msaada. Mkewe akawa anaitazama birika.

Lakini mlango wa bluu ulishafunguka wenyewe. Mama mkwe alitoka anajinyoosha, uso umenawiri, amepungua miaka. Hakumwona hata mama mwenye nyumba. Akaenda moja kwa moja kwa fundi, akaushika mkono wake kwa mikono yake miwili.

"Mungu akubariki, baba. Miaka yote nilikuwa navumilia kwa ajili ya mwanangu. Leo ndiyo mara ya kwanza nimelala katika nyumba hii bila kukusikia ukikoroma."