Udongo wa Kukaanga

Salha alirudi nyumbani kuchukua udongo wa bustani ya mama yake. Katika maabara alikofanya kazi walitafuta bakteria wa udongoni wanaotoa dawa ya kutuliza uvimbe, naye aliyawaza magoti ya mama yaliyovimba.

Mama akamletea kopo la udongo. Udongo ulikuwa laini kama unga, tena wa moto.

"Mama, umeufanyaje?"

"Nimeuchekecha, nikaukaanga. Nikupe uchafu, wenzako wakucheke?"

Bakteria wote walikwisha kufa. Salha alilipokea kopo kwa mikono miwili, akalitia mkobani.

"Ahsante, mama. Ngoja nichote na mbichi kidogo."

Akapiga magoti bustanini, akachimba kwa vidole.

"Utachafuka, mwanangu!"

Mama akamfuata akichechemea, akashika bega lake, akaanza kushuka taratibu apige magoti kando yake.