Beseni la Machungwa

Mtihani wa mwisho wa Kafui ulikuwa mguu mmoja wa bandia aliouunda kwa mikono yake. Mama muuza machungwa wa sokoni Lomé alikuwa ameuvaa, kashikilia vyuma viwili vya kujifunzia kutembea, macho kayakaza chini kama anayechungulia kisima.

"Aende mpaka mwisho, ageuke, arudi," alisema mtahini. "Nikimwona amegeuka, cheti ni chako."

Mama hakusogea.

"Mama, huo mguu haung'ati," alinong'ona Kafui. Kisha akainua beseni la machungwa lililokuwa sakafuni, akamtwika.

Shingo ikanyooka. Macho yakapanda. Mikono ikaachia vyuma, ikawa inayumba taratibu ubavuni, na kisigino cha mpira kikagusa sakafu kwa upole, kama kinatembea usingizini.

Alifika mwisho wa vyuma. Hakugeuka. Akapita mlangoni, akaingia juani.

"Mwite arudi, binti. Sijamwona akigeuka."

Kafui akafungua kinywa. Kutoka barabarani ikaja sauti ambayo hakuwahi kuisikia miezi yote ya mazoezi, ndefu, ya kuimba: "Machungwa, machungwa matamu haya."

Akakifunga.