Waya wa Kioo

Kompyuta iliwaka, feni ikavuma, lakini kioo kilibaki cheusi. Zamda alipapasa nyuma ya meza. Waya wa kioo haukuwepo. Jana tu mumewe, Kitwana, alimwambia aachane na chuo, na sasa mtihani wa mtandaoni ulikuwa karibu kuanza.

Sebuleni, Kitwana na rafiki zake walikuwa wakitazama mpira.

"Baba Shani, waya wa kompyuta uko wapi?"

"Kwani mimi fundi?" Wenzake wakacheka.

Zamda alirudi chumbani, akaibeba kompyuta na kibodi yake kifuani, akaitua mezani katikati ya vikombe vyao vya chai. Akachomoa waya wa televisheni kwenye king'amuzi, akauchomeka kwenye kompyuta yake. Wachezaji wakatoweka. Akaichomeka kompyuta kwenye umeme, akaiwasha, na karatasi ya mtihani ikajaa kwenye televisheni, jina lake juu kabisa.

"Mama Shani, una wazimu?"

"Mpira wenu watauonyesha tena usiku. Mtihani wangu hawaurudii. Nipisheni nikae."

Wageni waliinuka mmoja mmoja, macho chini. Kitwana hakuinuka. Chini ya mto aliokalia, ncha ya waya ilikuwa inachungulia.