Mlango Uendao Makumbusho

Fikirini, anayejifunza kazi kwenye chama cha kutunza majengo ya kale, alikwisha kung'oa bawaba ya juu. Mwenye nyumba alikuwa ameutoa mlango ule wa nakshi uende makumbusho.

Mle ndani mwanamke akakohoa. "Kitendawili!"

"Tega, bibi."

"Nyumba yangu haina mlango."

"Yai."

"Hukupata, mjukuu wangu. Ni mjane anayekaa eda, mkishaondoka na mlango wake. Na Kariakoo nzima inapita hapa."

Fikirini akaisimamisha patasi kwenye bawaba ya chini.

"Shusha, wewe! Wapo wanaoitaka kazi hiyo!" bwana mkubwa wa chama akafoka kutoka garini.

Ubao wa mlango ukaanza kulalia barabarani. Fikirini akatupa patasi, akaukumbatia kwa mikono yote miwili, shavu juu ya maua ya nakshi, akafumba macho.