Mgeni wa Mstari wa Mbele

Kalamu ya tatu ilivunjika mkononi mwa Kipkurui kabla hata mdahalo haujaanza.

"Barabara ya kupeleka majani chai kwenye kituo cha kuuzia, Nicholas ameahidi mara ngapi?" alifoka, akizunguka chumba kidogo nyuma ya ukumbi. "Leo nitamwita mwongo hapo hapo kwa TV. Mwongo na mjinga!"

"Hapana, Mheshimiwa," Sellah alimkatiza. "Mara ya mwisho ulimwita ng'ombe. Wamama wote wakakunyima kura."

Sellah ndiye aliyekuwa akimnoa kwa wiki mbili. Wazazi wake walitoka upande wa Ziwa Victoria, yeye akazaliwa katika kambi ya wafanyakazi wa mashamba ya chai, na siasa za Kericho alizijua nje ndani. Alijua watu hawakuja kusikiliza sera. Walikuja kumwona Kipkurui akilipuka, na mpinzani wake Nicholas angehakikisha amelipuka. Chama nacho kilikuwa kimesema wazi: akiharibu leo, asahau ubunge maisha yake yote. Wiki mbili za mazoezi zilikuwa zimemtuliza kiasi gani? Hata kidogo.

Saa tisa alasiri kamera zikawashwa. Nicholas hakungoja.

"Mwenzangu ana hasira kuliko akili," alisema akitabasamu. "Hata nyumbani kwake sijui ni nani anatawala."

Watu wakacheka. Kipkurui akasimama wima, kidole juu, mishipa ya shingo imemtoka. Sellah, pembeni mwa jukwaa, akamwashiria aketi.

Ndipo Kipkurui akaona mstari wa mbele. Mama mkwe wake alikuwa ameketi pale, kitambaa cheupe kichwani, mkoba mapajani, macho chini.

Kidole kikashuka. Mwanamume wa Kikipsigis hapayuki mbele ya mama wa mkewe. Hata kumtazama usoni ni taabu. Kipkurui akameza mate, akaketi.

"Ndugu yangu Nicholas," alisema kwa sauti ya chini, "nyumbani kwangu tunasaidiana. Tuongee mambo ya barabara."

Saa nzima alichokozwa, na saa nzima akajibu kwa adabu, jasho likimtiririka hadi kwenye kola. Maskini Nicholas, aliyejiandaa kwa vita, akabaki kupiga kelele peke yake. Mdahalo ulipokwisha, wamama wachuma chai waliokaa nyuma walisimama, wakampigia Kipkurui makofi mpaka mwendesha mdahalo akawaomba watulie.

Kipkurui hakuyasikia. Alimvuta Sellah hadi kile chumba, akafunga mlango kwa kishindo.

"Umeona mchezo mchafu wa Nicholas? Kumleta mama mkwe hapa ndiyo anifunge mdomo! Nimeaibika, Sellah. Nimekaa pale kama mtu ameshikwa na homa."

"Pole, Mheshimiwa."

"Usiniambie pole. Nataka kujua ni nani alimtoa huyo mama kijijini kwake Siongiroi akamleta mpaka hapa. Leo leo!"

"Nitachunguza," Sellah alisema.

Akatoka, akapita katikati ya watu waliokuwa bado wakilitaja jina la Kipkurui, akasimama nyuma ya gari na kupiga simu.

"Mama, asante sana," alinong'ona. "Kuna mdahalo mwingine Alhamisi. Nitakuja kukuchukua tena saa nne."