Chafya ya Raiha

Siku hizi mtoto akipiga chafya ovyo, sheria inataka apimwe ngozi kwa kila kilichomo nyumbani, hata watu. Mkono wa Raiha haukuvimba kwa vumbi wala kwa paka. Ulivimba walipoudondoshea jasho la mama yake, Mwanaidi.

"Mama Raiha, ama uhame, ama tumchome sindano za jasho lako mpaka mwili ukuzoee," nesi alisema.

Ahame aende wapi, amwache mwanawe? Akachagua sindano.

Zamani Mwanaidi akifika tu mlangoni, Raiha hupiga chafya ndani, naye humwitikia kutoka nje, "Afya, mwanangu!" Hiyo ndiyo ilikuwa hodi yao.

Jana, siku moja baada ya sindano ya mwisho, Mwanaidi alitoka kazini, akasimama mlangoni. Kimya. Akaingia, akachuchumaa mbele ya mtoto, akamwita. Macho ya Raiha yalimpita kama yanavyoupita ukuta.

"Bibi," mtoto akamwita bibi yake aliyekuwa jikoni, "mama anarudi saa ngapi?"

Mwanaidi akavua kanga yake iliyolowa jasho, akaibandika puani mwa mtoto, akaomba chafya moja tu.

Raiha alivuta pumzi vizuri kabisa, akaendelea kucheza.